Hewa Kwanza, Sindano Baadaye

Kila mwaka, mvua za vuli zikishakatika na kaskazi ikianza kuvuma, wodi ya watoto katika Hospitali ya Kaunti ya Kilifi huanza kujaa. Wanaoletwa ni wachanga hasa: wa wiki sita, wa miezi miwili, wa miezi mitano. Maelezo ya mama zao hayatofautiani sana. Yalianza mafua, pua ikaziba, siku ya tatu kikaingia kikohozi, na usiku wa kuamkia leo kifua kinapanda na kushuka mbiombio, ziwa mtoto halishiki. Mama ameshampa dawa ya maji ya dukani. Bibi ameshampaka mafuta kifuani. Hali haikubadilika, ndipo bodaboda ikaitwa.

Hayo hutokea Tanga, Kigoma, Bujumbura na Bukavu pia. Kilifi inatajwa hapa kwa sababu huko yamehesabiwa. Tangu mwaka 1989 watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, kwa ushirikiano na shirika la Wellcome Trust la Uingereza, wamekuwa wakifanya kazi ndani ya hospitali hiyo, na kwa miaka mingi kundi la Profesa James Nokes lilikuwa likipima makamasi ya watoto waliolazwa ili kujua ni kijidudu gani kilichowaleta. Jibu lililorudi msimu baada ya msimu ni virusi vinavyoitwa kwa herufi tatu, RSV. Huanza kuonekana kwa wingi mwishoni mwa mwaka, huenea hadi katikati ya mwaka unaofuata, kisha hupungua.

Utafiti mwingine, mpana zaidi, uliopewa jina la PERCH, uliwachunguza watoto waliolazwa kwa nimonia kali katika nchi 7, zikiwemo Kenya, Zambia, Mali na Bangladesh. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Kwa watoto wasio na VVU, RSV peke yake ilihusika na karibu asilimia 31 ya nimonia kali. Virusi vya kila aina vikijumlishwa vilipita asilimia 60. Bakteria, ambao ndio wanaowindwa na dawa nyingi za wodini, walikuwa nyuma sana.

Msikilizaji na ayapime matokeo hayo. Watoto wengi wanaolazwa kwa kifua wana ugonjwa ambao hospitali ya kawaida haina dawa ya kuuua. Hospitali inafanya nini, basi? Inampa mtoto hewa, inamsafisha pua, inamlisha kidogo kidogo, na inamwangalia usiku na mchana mpaka mwili wake wenyewe ushinde. Kazi hizo nne hazina sifa mtaani. Hakuna mzazi anayerudi nyumbani akisimulia kwamba mwanawe alisafishwa pua. Lakini hizo ndizo zinazookoa, na hospitali isiyozifanya vizuri haiwezi kufidia upungufu huo kwa sindano.

RSV ilibainika kwanza kwa sokwe. Mwaka 1956, sokwe waliokuwa katika maabara moja ya Marekani walianza kupiga chafya, na kijidudu kilichopatikana kikaitwa cha mafua ya sokwe. Mwaka uliofuata daktari Robert Chanock na wenzake wakakikuta kwa watoto wachanga wa mji wa Baltimore, na ikaonekana kwamba sokwe wale huenda ndio walioambukizwa na watu. Leo inajulikana kuwa karibu kila mtoto duniani hupata RSV kabla ya kutimiza miaka miwili. Kwa mtu mzima mwenye afya ni mafua ya kupita. Kwa mtoto wa miezi mitatu virusi hushuka mpaka kwenye njia nyembamba kabisa za mapafu, kuta zake zikavimba, ute na chembe zilizokufa zikaziba nafasi iliyobaki. Madaktari huita hali hiyo bronkiolaitisi.

Fizikia yake ni kali. Njia nyembamba ya hewa ikipungua nusu ya upana wake, ukinzani wake hupanda mara 16. Mtoto anabaki kama anayevuta hewa kwa mrija wa soda uliobanwa kwa vidole, mchana kutwa na usiku kucha, bila nafasi ya kupumzika. Misuli ya mbavu huchoka. Na kwa kuwa mtoto mchanga hupumua zaidi kwa pua, makamasi machache tu yanatosha kumvuruga: hawezi kunyonya na kuvuta hewa kwa wakati mmoja, kwa hiyo anaacha kunyonya. Ndiyo maana muuguzi mzoefu, kabla hajagusa chochote, humwuliza mama, "Ananyonya?" Jibu la hapo linaamua mengi. Kwa wadogo zaidi, hasa waliozaliwa njiti, RSV inaweza hata isianze na kikohozi. Mtoto husahau kupumua kwa sekunde kadhaa, akaanza tena, akasahau tena.

Ugonjwa huu una kalenda yake, na mama akiijua haogopi ovyo wala hapuuzi ovyo. Siku mbili tatu za mwanzo ni mafua. Siku ya tatu hadi ya tano ndizo mbaya zaidi. Baada ya hapo kupumua hutulia, ingawa kikohozi kinaweza kubaki wiki mbili au tatu. Mama ambaye mwanawe alionwa zahanati siku ya pili akaambiwa ni mafua tu, huenda aliambiwa kweli. Kosa hutokea pale asipoambiwa kwamba siku ya nne mambo yanaweza kugeuka, na kwamba ikiwa hivyo arudi.

Namna ya kumtambua mtoto aliye hatarini bila picha ya eksirei ilitoka mbali, kwenye milima ya Papua New Guinea. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Frank Shann na wenzake katika mji wa Goroka walilinganisha dalili za watoto wenye kikohozi na hali ya mapafu yao, wakaona kwamba mambo mawili yanayoonekana kwa macho yanatosha kwa kuanzia: kasi ya kupumua, na kifua kubonyea, yaani sehemu ya chini ya mbavu kuingia ndani mtoto anapovuta hewa. Shirika la Afya Duniani likaijenga kanuni yake juu ya dalili hizo. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni hatari. Kwa wa miezi 2 hadi 11, ni 50. Kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya mitano, 40. Huhesabiwa kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, nguo imefunuliwa. Anayehesabu sekunde 15 kisha akazidisha kwa nne anajidanganya, kwa sababu wachanga hupumua kwa vipindi: haraka, polepole, kimya kidogo, tena haraka.

Afrika Mashariki nayo ina sehemu katika historia hiyo. Katika miaka hiyohiyo ya 1980, wilayani Bagamoyo, wahudumu wa afya wa vijijini walifundishwa kutambua nimonia ya watoto, kutoa dawa ya kumeza na kuwapeleka mbele walio mahututi. Taarifa ya mradi huo, iliyoandikwa na Mtango na Neuvians na kuchapishwa mwaka 1986, ilionyesha vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vikipungua kwa karibu robo. Watu wa kijijini, wenye elimu ya msingi na mafunzo mafupi, ndio waliofanya kazi hiyo.

Macho na saa, hata hivyo, vina mpaka. Wapo watoto wanaopumua haraka lakini damu yao ina oksijeni ya kutosha, na wapo wanaoonekana wametulia kumbe wamechoka, oksijeni imeshuka. Kungoja midomo igeuke rangi ya buluu ni kungoja mno, na kwenye ngozi nyeusi rangi hiyo haionekani kwa urahisi. Hapo ndipo kinapoingia kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni au, kwa mtoto mchanga, kufungwa mguuni. Mhandisi wa Kijapani Takuo Aoyagi ndiye aliyevumbua njia yake mwaka 1974 katika kampuni ya Nihon Kohden: mwanga hupitishwa kwenye nyama ya kidole, na kwa kupima jinsi damu inayodunda inavyoumeza, kifaa husoma asilimia ya oksijeni. Baada ya sekunde chache namba inatokea. Chini ya 90, mtoto apewe oksijeni. Kanuni haina utata.

Kina kasoro yake, na ni vizuri isemwe. Kwa watu wenye ngozi nyeusi kifaa hiki wakati mwingine husoma juu kidogo kuliko hali halisi ya damu. Kwa hiyo mtoto anayesomeka 91 huku mbavu zinaingia ndani na ziwa ameligomea, asirudishwe nyumbani kwa sababu ya namba. Kifaa kimewekwa ili kumsaidia muuguzi, na macho ya muuguzi bado yana kazi.

Papua New Guinea tena ndiyo iliyoonyesha thamani ya kitu hicho. Hospitali 5 zilipewa vipimo vya kidoleni na mashine za kuchuja oksijeni kutoka hewani, wauguzi wakafundishwa, wahandisi wakawekwa karibu. Kabla ya mpango huo, watoto waliokufa kati ya waliolazwa kwa nimonia walikuwa karibu asilimia 5. Baada yake walikuwa asilimia 3.2. Trevor Duke na wenzake walichapisha hesabu hizo mwaka 2008, zikihusu zaidi ya watoto 11,000. Hakuna dawa mpya iliyoongezwa. Kilichoongezwa ni kujua nani anahitaji hewa, na kuwa nayo.

Kuwa nayo ndiyo kazi ngumu. Mtungi wa oksijeni ni mzito, husafirishwa kwa gari kutoka mjini, na huisha usiku wa manane wakati dereva hayupo. Mashine ya kuchuja hutoa hewa yenye oksijeni ya asilimia 90 na zaidi bila kujazwa, ila inataka umeme, na umeme wa wilayani kila mtu anaujua. Inataka pia fundi wa kubadilisha chujio, kwani vumbi la barabarani huiua polepole. Katika kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya, shirika la Hewa Tele lilianza mwaka 2014 kuzalisha oksijeni hospitalini na kuisambaza kwa vituo vya jirani, likakata safari ya mtungi kwenda na kurudi miji mikubwa. Miaka mitano sita baadaye, korona ilipowafanya wakubwa watafute hewa, serikali nyingi za Afrika zilijenga mitambo ya oksijeni kwa haraka ambayo watoto hawakuwahi kuonyeshwa. Mitambo ile mingi ingalipo. Kuiacha ife kwa kukosa vipuri, baada ya gharama zote zile, itakuwa aibu.

Mtoto mchanga mwenyewe hahitaji hewa nyingi. Mrija mwembamba wa puani wenye lita moja au mbili kwa dakika humtosha aliye na miezi kadhaa, na nusu lita hadi moja kwa aliyezaliwa juzi. Mashine moja yenye kigawanyio inaweza kuwahudumia watoto kadhaa kwa pamoja. Mama wengi huuogopa mrija huo. Wamemwona jirani akiwekewa, kisha akafa, wakahesabu kwamba oksijeni ndiyo iliyomuua. Jirani aliwekewa akiwa amechelewa. Muuguzi anayetumia dakika mbili kueleza hivyo, kwa lugha ya nyumbani, anazuia mama asiung'oe mrija usiku.

Sasa tuje kwenye sindano. Katika wodi zetu mzazi huona ametendewa haki pale tu mwanawe anapochomwa. Kidonge hakina heshima. Kwa nimonia ya kifua kubonyea, desturi ya miaka mingi Kenya ilikuwa kumlaza mtoto na kumchoma penisilini kila baada ya saa sita. Dk. Ambrose Agweyu na wenzake waliijaribu desturi hiyo katika hospitali 6 za Kenya: nusu ya watoto walipata sindano, nusu amoksilini ya kunywa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Walioshindwa kupata nafuu ndani ya siku mbili walikuwa karibu asilimia 8 katika kila kundi. Sindano haikukishinda kijiko. Mtoto aliye mahututi, asiyeweza kumeza, anayetapika kila kitu au mwenye degedege, huyo bado anahitaji dawa ya mshipani. Pia mtoto wa chini ya miezi miwili ana kanuni zake kali zaidi, kwa sababu kwake bakteria wakiingia kwenye damu hawangoji.

Mdadisi atauliza: ikiwa wengi wana virusi, kwa nini wapewe amoksilini hata kidogo? Swali ni la haki. Marekani na Uingereza, kwa mtoto mwenye bronkiolaitisi inayoeleweka, miongozo imekataza kutoa antibayotiki, steroidi na picha ya kifua kama jambo la kawaida, na imesema dawa za mvuke za kupanua njia ya hewa hazisaidii. Lakini huko mtoto hupimwa, huangaliwa na daktari wa watoto, na akizidiwa yuko mlango wa pili kutoka chumba cha wagonjwa mahututi. Zahanati ya Kibiti au ya Ganze haina njia ya kutofautisha virusi na bakteria kwa mtoto anayehema pumzi 65. Kumkosesha dawa ya bei nafuu mtoto mmoja mwenye bakteria ni kumwacha afe. Shirika la Afya Duniani limechagua kukosea upande wa kumpa, na kwa mazingira yetu uamuzi huo ni sahihi. Kisicho sahihi ni mtoto mwenye mafua matupu, anayenyonya na kucheka, kutoka kliniki na mfuko wa chupa nne.

Chupa hizo zina hatari zisizojulikana kwa wanunuzi. Mwaka 2022 nchini Gambia, watoto wapatao 70 walikufa kwa figo kushindwa kufanya kazi. Dawa za maji za kikohozi na mafua kutoka India, zilizokutwa na kemikali yenye sumu, zilihusishwa na vifo hivyo. Walikuwa na magonjwa ya kawaida ya utoto. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hana faida yoyote aipatayo kwa dawa ya kikohozi ya dukani, hata ile iliyo safi. Asali nayo asipewe kabla ya kutimiza mwaka, kwa kuwa inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaopoozesha misuli ya mtoto mchanga.

Na lipo suala la kimeo. Katika sehemu nyingi za Tanzania kikohozi kisichokoma bado hupelekwa kwa mkata kimeo, na kijinyama kile cha kooni hukatwa kwa kifaa kisichochemshwa. Mtoto anayetapatapa kutafuta hewa huongezewa jeraha, damu na hatari ya pepopunda. Kimeo hakina hatia yoyote katika kikohozi cha virusi. Kikohozi kingeisha chenyewe baada ya wiki mbili tatu, na mkata kimeo angechukua sifa. Wapo watoto wanaofika hospitali wakiwa wanaumwa zaidi kwa damu waliyotokwa kuliko kwa kikohozi.

Kuna mtoto ambaye oksijeni ya mrija haimtoshi. Anapewa, namba inabaki 85, kichwa kinaitikia kila pumzi. Kwa huyo, hospitali zenye uwezo hutumia mashine ya kusaidia kupumua. Zisizo nayo zilikuwa zikitazama. Daktari Mohammod Jobayer Chisti wa Bangladesh amesimulia jinsi alivyoshuhudia watoto watatu wakifa kwa nimonia usiku mmoja, mwaka 1996, akiwa daktari mwanafunzi katika mji wa Sylhet. Miaka baadaye, huko Melbourne, Australia, aliona mashine inayopuliza hewa yenye shinikizo dogo lisilokatika ili mapafu ya mtoto yasijifunge, mapovu yakitoka majini. Aliporudi Dhaka alitengeneza ya kwake kwa chupa tupu ya shampuu, maji na mirija. Ncha ya mrija ikizamishwa zaidi majini, shinikizo linaongezeka. Jaribio lake lilichapishwa mwaka 2015: kati ya waliopata oksijeni ya kawaida walikufa asilimia 15, kati ya waliowekwa kwenye mapovu walikufa asilimia 4.

Habari hiyo ilisambaa, na ilistahili. Iliyofuata haikusambaa vile. Malawi, katika hospitali ya wilaya ya Salima, watafiti walijaribu mapovu hayohayo kwa watoto wenye hatari kubwa: wenye VVU au waliozaliwa na mama mwenye VVU, wenye utapiamlo, au wenye oksijeni chini ya 90. Matokeo ya mwaka 2019 yalikuwa kinyume. Waliopata mapovu walikufa asilimia 17. Waliopata oksijeni ya kawaida, asilimia 11. Nchini Ghana, jaribio la mwaka 2017 la hewa yenye shinikizo katika hospitali mbili halikuona tofauti kwa watoto wote kwa jumla, lakini kwa wa chini ya mwaka mmoja vifo vilikuwa asilimia 3 kwa waliopewa hewa hiyo, dhidi ya 7 kwa wengine.

Dhaka na Salima njia ilikuwa ileile ya mapovu. Dhaka palikuwa na madaktari wakiangalia wodi saa zote, na wauguzi waliozoea. Salima wodi ilikuwa ya wilaya, yenye wagonjwa wengi na daktari asiyekuwepo muda wote. Mtoto aliye kwenye mapovu hujaa gesi tumboni, hutapika, matapishi huingia mapafuni, pua huchubuka, mrija huchomoka. Mtu asipokuwepo kuona ndani ya dakika chache, msaada unageuka madhara. Wafadhili hupenda kutoa mashine kwa kuwa hupigwa picha na kubandikwa jina. Mshahara wa muuguzi wa zamu ya usiku haubandikwi jina. Hospitali inayopewa mashine tano bila muuguzi hata mmoja wa kuongeza ina haki ya kuuliza zinakwenda kwa nani.

Zamu ya usiku ndiyo mahali pa kuangalia. Muuguzi mmoja, pengine na msaidizi, ana watoto 30 au 40. Anatakiwa apime oksijeni ya kila aliye kwenye mrija, adondoshe maji ya chumvi puani kwa mtoto aliyeziba kabla ya kunyonya, amlishe kwa mpira maziwa yaliyokamuliwa yule aliyechoka kunyonya, tena kidogo kidogo kila saa mbili au tatu, kwa sababu tumbo lililojaa husukuma mapafu. Dripu akiiachia kasi, mapafu yanajaa maji. Hawezi kufanya yote hayo peke yake, na kila mtu anajua hawezi. Kwa hiyo anayefanya ni mama, juu ya kitanda alicholalia na mwanawe, mara nyingine pamoja na mama mwingine na mtoto mwingine.

Kitanda cha watoto wawili kina tatizo lake. RSV husafiri kwa makamasi na mikono, na hukaa hai kwa saa kadhaa juu ya meza au reli ya kitanda. Mtoto aliyeletwa kwa kuharisha anaweza kuondoka na kifua. Sabuni na maji mlangoni mwa wodi vina kazi kubwa kuliko tangazo la ukutani linalosema nawa mikono pahali pasipo na bomba.

Kisha mtoto anapata nafuu, anaruhusiwa, kadi inapigwa mhuri. Wengi huona safari imeisha hapo. Mtandao wa utafiti wa CHAIN uliwafuatilia watoto wa miezi 2 hadi 23 waliolazwa katika hospitali 9 za Afrika na Asia, zikiwemo za Kilifi, Migori, Nairobi na Kampala. Karibu nusu ya vifo vyote vilitokea baada ya kuruhusiwa, ndani ya miezi sita. Waliokuwa hatarini zaidi ni waliokonda na wale ambao nyumbani kwao hali ni ngumu. Tarehe ya kurudi kliniki, iliyoandikwa kwenye kadi na kufuatwa kwa simu, ni tiba pia.

Kinga imesonga mbele, na baadhi ya wasikilizaji watakumbuka wodi zilivyokuwa zamani. Kenya ilianza chanjo ya bakteria wa Hib mwaka 2001 na ya nyumokoka mwaka 2011. Tanzania ikaingiza ya Hib mwaka 2009 na kuzindua ya nyumokoka Desemba 2012. Kilifi, magonjwa makali ya aina za nyumokoka zilizomo kwenye chanjo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Bakteria wamerudi nyuma, RSV ikabaki mbele.

Chanjo yake ilichelewa kwa sababu ya msiba. Mwaka 1966 watoto wachanga huko Marekani walichanjwa kwa virusi vya RSV vilivyouawa kwa fomalini. Msimu ulipofika, asilimia 80 ya waliochanjwa kisha wakaambukizwa walilazwa hospitali, na wawili wakafa. Chanjo ilikuwa imeufundisha mwili kupigana vibaya. Ilichukua karibu miaka 50 kujua kwa nini, mpaka wanasayansi akina Jason McLellan na Barney Graham walipoonyesha mwaka 2013 umbo la protini ya virusi kabla haijashika chembe ya mwili. Kutokana na ugunduzi huo imepatikana chanjo ya mama mjamzito. Kinga huvuka kondo la nyuma, mtoto anazaliwa nayo. Katika jaribio lililohusu wanawake zaidi ya 7,000 katika nchi 18, zikiwemo Gambia na Afrika Kusini, ilizuia karibu asilimia 82 ya ugonjwa mkali wa RSV katika siku 90 za kwanza. Ipo pia sindano ya kingamwili kwa mtoto mwenyewe, nirsevimab. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila nchi ianze kutumia mojawapo ya kinga hizo mbili, ya mama ikitolewa kuanzia wiki ya 28 ya mimba. Chile na sehemu za Hispania zilizoanza mapema na nirsevimab zimeona wodi zao zikipungua watoto.

Hesabu iliyochapishwa mwaka 2022 ilikadiria kuwa RSV ilisababisha vifo vya watoto zaidi ya 100,000 wa chini ya miaka mitano mwaka 2019, na zaidi ya asilimia 97 vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nyingi kati ya nchi zilizoanza kutumia kinga hizi ni tajiri. Wizara zetu za afya zinapaswa kuulizwa hadharani chanjo hii itaingia kliniki ya wajawazito lini, na kwa fedha za nani.

Kwa sasa, msikilizaji mwenye mtoto mchanga ana machache ya kufanya, na yanatosha kuanzia. Utafiti wa kaya huko Kilifi ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya wachanga waliopata RSV waliipata ndani ya nyumba, mara nyingi kutoka kwa kaka au dada anayekwenda shule. Mwenye mafua asimbusu mtoto, anawe mikono kabla ya kumbeba, na asilale naye. Moshi wa kuni uwe mbali naye. Mtoto akipumua kwa kasi iliyotajwa, mbavu zikiingia ndani, akikataa ziwa, akitapika kila kitu, akilegea au akiacha kupumua hata kwa muda mfupi, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane za usiku. Na akifika mapokezi, mama asione haya kuomba mwanawe apimwe oksijeni kabla hajaandikiwa dawa yoyote.